Suti Zilizovaliwa Mochwari

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, alifanya kazi mochwari miaka kumi na tisa. Naandika hivyo wazi kwa sababu miaka yote hiyo niliwaambia watu kwamba yuko hospitalini, upande wa kumbukumbu. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu, mume wangu mkaguzi wa shule. Neno mochwari sikulitaka katika ukoo wetu.

Wenzake walimwita Bwana Harusi. Wao walishinda na ovaroli na mabuti ya mpira. Yeye ovaroli aliivaa wakati wa kuosha tu. Wafiwa wakifika, alinawa mpaka viwikoni, akavaa suti, akafunga tai, ndipo akafungua mlango.

"Bwana Harusi, wa leo ana miaka themanini!" walimtania.

"Ndiyo maana nimenyoosha kola. Nyie mnakabidhi watu kama mnashusha saruji."

Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyemwosha na kumvalisha. Baadaye nilimpa suti tatu za kaka yake, kwa sharti kwamba asimwambie mtu zimetoka wapi. Sikupenda isemwe kwamba nguo za mkaguzi zinavaliwa mochwari.

Siku moja kijana aliyekuja kumchukua baba yake alimkamata shemeji kola. "Hili koti la baba! Ameletwa hapa nalo juzi!"

Koti la yule mzee lilitafutwa, halikuonekana. Msimamizi akamuuliza shemeji suti ile ya kahawia aliyoivaa kaipata wapi.

"Nilipewa."

"Na nani?"

Sharti langu alilishika. Jioni alikuja kwangu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Shemeji, kesho kuna kikao. Njoo useme neno moja tu. Wewe watakuamini."

"Nikasimame mochwari nieleze habari za nguo za mume wangu?"

"Basi niruhusu niseme mimi."

"Kaka yako angejisikiaje?"

"Kaka yangu nilimfunga tai kwa mikono hii," alisema, akaondoka.

Nikaandika barua, nusu ukurasa, lugha safi: suti hizo zilitolewa na familia inayoheshimika. Sikutia saini. Msimamizi aliisoma mbele ya kikao, akauliza, "Familia ipi?" Shemeji angeweza kunitaja. Hakunitaja. Walimfukuza kazi palepale kwa wizi wa nguo za maiti, wakamvua suti, akarudi nyumbani kwa ovaroli, mchana kweupe. Yule mzee wa watu alizikwa na suti ya mume wangu.

Tangu hapo majirani hawampi mkono. Mke wake amerudi kwao. Yeye hushinda ndani na fulana iliyotoboka kwapani.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa msimamizi na picha ya mume wangu akiwa ndani ya suti ileile. Aliitazama sana.

"Mama, ungekuja siku ile," alisema. "Nafasi nimeshampa mwingine."

Nikapitia kwa shemeji. Alinifungulia mlango nusu.

"Msimamizi sasa anajua ukweli," nikamwambia.

"Na hawa wa mtaani, shemeji? Nao umewaambia?"

Alingoja kidogo, kwa adabu yake ileile, kisha akafunga mlango.

Hakuiba. Nguo zilikuwa zetu, na aliyenyamaza ni mimi.