Hawakungoja Neno la Pili

Siku ya kwanza ya kazi nilivaa viatu vya kuazima, vikubwa kuliko muguu wangu, nimejaza gazeti mbele. Ilikuwa Australia, kwenye mji tuliopelekwa baada ya miaka mingi ya kambi upande wa Kigoma. Asubuhi nilikuwa nafua mashuka ya hospitali, jioni njo nikaenda uwanjani. Ninyi mabinti wa Kalemie mnaniuliza ilikuwaje muntu wa hapa, aliyeachia masomo darasa la tano sababu ya vita, alipwe kwa kucheza mupira. Nitaandika vile ilivyokuwa. Na majina ya walioniumiza nitayaandika pia.

Mupira wao si wa duara, umechongoka huku na huku kama papai. Uwanja njo wa duara, na kila upande una nguzo nne. Unaweza kuubeba mupira na kukimbia, lakini lazima uudundishe chini kila baada ya hatua kadhaa, na unaruka kwenda unakotaka wenyewe. Kumupasia mwenzako huruhusiwi kuurusha: unaushika kwa mukono mumoja, unaupiga ngumi kwa mwingine. Na ukidaka hewani mupira uliotoka mbali kwa muguu wa muntu, muchezo unasimama. Hakuna wa kukugusa, unapiga kwa nafasi yako. Kudaka huko wanaita maki.

Maki njo ilinipa kazi. Mama yangu alikuwa mupakuzi hapa bandarini. Maboti yakitoka Moba alisimama ndani ya maji mpaka kiunoni, akitupiwa vifurushi vya ndagala kavu, samaki wadogo wa ziwa, na mimi nyuma yake nikidaka pia. Unakunja magoti, unafungua kifua, hufumbi macho.

Kocha mukuu, Darren Pruitt, aliniangalia nikidaka mipira kumi mufululizo.

"Nani amekufundisha?"

"Mama."

"Alichezea timu gani?"

"Timu ya samaki."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake nilikuta viatu vipya kwenye kabati langu, namba yangu kabisa. Nalisema hili ili msifikiri nilifanya kazi na shetani. Miezi mizima alinifundisha kupiga, jinsi ya kuuangushia mupira juu ya muguu bila kuurusha, na hakunipigia kelele hata siku moja.

Nilicheza misimu mitatu mbele ya nguzo. Wa tatu, zikiwa zimebaki mechi mbili, niliruka kudaka, goti la mwenzangu likanipata juu ya sikio. Nilipofungua macho, daktari wa timu alikuwa amepiga magoti kando yangu. Aliitwa Hollis, kijana, kazi yake ya kwanza.

"Uko sawa?"

"Niko sawa," nilijibu.

Sasa ninyi mnajua. Kwetu hata muntu anayetoka kuzika, ukimuuliza habari atakujibu kwanza nzuri, kisha njo anasema, lakini. Aliyeuliza anangoja hiyo lakini, maana habari yenyewe imo humo. Mimi nilikuwa bado natafuta ya kwangu kwa Kiingereza, Hollis amekwisha kumuonyesha Pruitt dole gumba. Sheria yao ilitaka nitolewe, nipimwe ndani ya chumba. Pruitt alisema kutoka pembeni, "Kama amesema yuko sawa, mwache." Nikaendelea.

Siku tatu baadaye waliniita biro, ofisini kwao. Walinitafutia mukalimani, Papa Donatien, muntu wa Kongolo, muzee wa kanisa letu kule. Hollis aliuliza kuhusu kichwa. Nikamwambia Papa Donatien kila kitu: kinapiga, mwanga unachoma, asubuhi nilipotea njia ya kazini ninayopita kila siku.

"Mama Riziki," alisema kwa sauti ya chini, kama vile anatafsiri, "jina letu wote liko kwako. Ukitoka sasa watasema hawa wakimbizi wanakuja na magonjwa yao. Vumilia mechi moja."

Akamugeukia daktari, akasema maneno mawili tu ya Kiingereza: yuko sawa. Hayo niliyajua. Nikanyamaza. Na mimi najiandika hapa pamoja nao.

Jumamosi mupira ulikuja juu, nikaona iko miwili. Nikarukia ule ambao haukuwepo.

Kazi yangu iliishia hapo. Nililala miezi ndani ya chumba cha giza, sahani ikigonga sahani jikoni nalia. Pruitt alikuja mara moja, akasimama mulangoni na maua yake, akalia kweli. Lakini wakubwa wa timu walipomuuliza kwa barua, aliandika kwamba mimi mwenyewe nilisema niko sawa. Hollis siku nyingine namuhurumia, alimuogopa mukubwa wake kama sisi wote. Siku nyingine simuhurumii. Papa Donatien bado anaomba mbele ya kanisa, na alinitumia salamu.

Nilirudi kwa mama, maana hapa hakuna anayeshangaa nikisahau jina lake. Jua la saa sita sitoki. Jioni nafundisha mabinti mupira wa duara pale kwenye muchanga karibu na muto Lukuga. Mwezi uliopita tulikuwa sare na timu ya mutaa wa pili, na Furaha, ambaye njo anatufungia mabao, akagongana kichwa na beki, akaanguka. Nikaenda, nikakaa chini kando yake.

"Habari ya kichwa?"

"Muzuri, Mama."

Mwamuzi alikuja na filimbi yake: "Mama Riziki, mutoto amesema muzuri. Tucheze, giza linakuja."

"Papa, ngoja."

"Tunangoja nini?"

Wenzake Furaha walianza kunung'unika, wa timu ile wanatucheka. Furaha alikuwa anachezea muchanga kwa vidole, hanitazami. Nilikaa tu. Dakika hiyo ilikuwa ndefu, hata mimi niliiona ndefu.

"Lakini, Mama," akasema, "nakuona uko wawili."

Nikamuvua viatu mwenyewe. Tulifungwa bao moja, na mpaka leo mabinti wengine hawanisalimii vizuri.