Kiti cha Ndugu Yake

Darasa letu la watu wazima pale Munuki, mjini Juba, halikuwa na viti. Kanisa lilitupa ukumbi na ubao, basi. Kiti kila mtu alikuja nacho kutoka nyumbani, cha plastiki, na jioni akaondoka nacho. Ndiyo maana sikukawia kuona kwamba mwanafunzi mmoja, mwanajeshi wa zamani wa makamo, alikuwa akibeba viwili.

Kimoja alikikalia. Cha pili alikiweka kushoto kwake, akakipangusa vumbi. Nilipomaliza kusoma sentensi, aliirudia polepole akikigeukia kile kiti, kisha akatulia kama anayengoja kujibiwa. Mama mmoja kutoka Uganda, muuza chapati, aliniita pembeni akaniambia mtu huyo amechanganyikiwa, nimtoe. Hasira zangu ziko karibu. Nilimjibu kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, na kwamba nikifukuza kila aliyerudi na kidonda cha vita, nitabaki nikifundisha popo wa darini.

Baadaye mwenyewe alinieleza. Kiti kile ni cha mdogo wake. Walianza kujifunza herufi pamoja porini, wakiandika mchangani kwa kijiti, na mdogo akapigwa risasi kabla hawajazimaliza.

"Peke yangu siwezi soma, mwalimu," alisema. "Yeye iko nyuma. Mimi nangoja yeye."

Wenzake waliendelea kunung'unika, kwa hiyo nikabadilisha utaratibu. Kila sentensi ikawa inasomwa na kila mtu kwa jirani yake, darasa zima kwa wakati mmoja. Ukumbi ulivuma kama soko, na sauti yake ikamezwa na zetu. Alisoma vizuri kuliko wengi. Hata yule mama wa chapati akawa anamwekea nafasi ya viti viwili, nami nikaona nimeweza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wa kwetu alikuja alasiri moja, mkubwa fulani aliyetaka kuona watu wazima wakisoma, na hakujua kuwa kila mtu huja na kiti chake. Aliona kimoja kitupu, akakikalia kabla sijamfikia. Mwanajeshi alimwomba kwa Kiarabu cha Juba ainuke. Mgeni akacheka, akamwambia asome tu. Akaombwa tena, hakuinuka. Ndipo mwanajeshi alipomsukuma, mgeni akaanguka mbele yetu sote, akapasuka mdomo.

Polisi walimchukua. Miaka ile amani ilikuwa changa, na mji haukuwa na mahali pa kuwalaza wagonjwa wa akili kama yeye, basi walifungiwa gerezani pamoja na wezi. Nilikwenda kwa wazee wa kanisa kuwasihi wamtetee. Walisema watamwombea. Nilitoka pale na uchungu ambao haujanitoka mpaka leo.

Siku niliyoruhusiwa kumwona, mama wa chapati alinifungia chapati za kumpelekea. Nilimkuta amekonda, mguuni ana mnyororo. Chapati zilipita. Kitabu cha darasa nilichokuja nacho, askari alisema kibaki upande wangu wa wavu. Hakuniuliza atatoka lini.

"Ndugu yangu amefika wapi?" aliuliza.

Nilijua anauliza habari za kusoma. Viti vyake vyote viwili vilikuwa bado ukumbini, na hakuna aliyethubutu kuvigusa. Nilitaka apate cha kumfurahisha, angalau kimoja.

"Amekupita," nikamwambia.

Alicheka, mara ya kwanza tangu nimjue, kisha akaomba nimsomee asije akaachwa mbali. Nikafungua kitabu nikasoma sentensi moja. Aliirudia vizuri, halafu kwa mazoea akageuka kushoto. Palikuwa na ukuta.

"Hapana," alisema taratibu. "Yeye iko huko kwenu, kwa kiti yake."

Nikasoma sentensi ya pili. Hakuirudia.