Msasa kwenye Meno ya Simba

Tulikuwa watatu: baba yangu mchonga vinyago, mdogo wangu Mwende, na mimi. Wa nne alikuwa mbwa wetu, Simba. Leo jirani anapiga kiti msasa, na vumbi la mbao limenirudisha utotoni, kwenye karakana ya baba.

Siku moja Mwende alishika mdomo wa Simba, mimi nikasugua meno yake kwa msasa wa baba ili yang'ae kama vinyago. Simba alitulia tu, alituamini.

Baba, aliyezoea kuniita mama mimi bintiye, akaninyang'anya msasa. “Wewe mama! Kinyago kikiharibika nachonga kingine. Jino la Simba utalichonga wewe?”

Akalowesha kitambaa, akanionyesha kusugua polepole. Lakini ule ugumu mweupe wa juu ya jino, uliokwisha kwa msasa, haukurudi. Simba akawa anatafunia upande mmoja. Mimi nakumbuka niliharibu jino moja. Kama yalikuwa mengi, wewe Mwende, na nyinyi mliomjua Simba, nisahihisheni.