Vidole Gumba vya Gesima

Juzi, posta, karani alimpaka mama wino kidoleni mara tatu, na mara tatu karatasi ikabaki na doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja. Nikakumbuka alasiri moja kortini Kisii.

Baba na wenzake walikuwa wamefungwa kwa kuchoma ghala la chai wakati wa mgomo. Ghala liliungua Sabato asubuhi, wao wakiwa kanisani Gesima. Mama akazunguka na karatasi, na waumini waliowaona siku hiyo wakaweka vidole gumba. Nyumba yetu ilinuka wino na majani mabichi ya chai. Niliamini karatasi ikijaa, baba anarudi.

Karani wa korti aliiinua dirishani.

"Mama, hivi vyote ni kidole kimoja. Uliketi jikoni ukajigongea mihuri?"

"Ni watu arobaini, bwana karani. Wachuma chai."

"Na Mungu aliwagawia kidole kimoja?"

Watu kwenye benchi walicheka. Mimi pia nilicheka.

Baba alimaliza kifungo chake chote. Nilimwamini yule karani kwa sababu alivaa tai. Hata chuo kikuu, nilikohoji kila kitu, hilo sikulihoji: mama alidanganya, basi.

Pale posta nilimshika mkono. Kidole gumba kilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

"Kimekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu nianze kuchuma chai," alisema, akaomba kitambaa afute wino.