Fimbo Niliyoikata

Niliitwa bibi shamba nikiwa na miaka ishirini na minne, na nikalipenda jina hilo kuliko lile nililopewa na baba yangu. Nilikuwa mtoto wa Dodoma mjini, wa ukoo wa wenye maduka. Jembe nililishika shuleni tu, tena kwa adhabu. Lakini nilikuwa na cheti, buti za mpira na mdomo wa kuamrisha. Kijiji nilichopangiwa kilikuwa kwenye vilima vya Kondoa, ambako udongo mwekundu ulikuwa umechanwa na makorongo, na kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu kuulinda. Niliifanya kwa kufoka.

Mwaka wangu wa pili tulipima kinga maji la kwanza, yaani mtaro mrefu wa kukatiza mteremko, ili mvua isishuke moja kwa moja mashambani bali itembee taratibu hadi kwenye mkondo wa mawe. Tulipima kwa fimbo mbili zilizounganishwa kwa kamba, na pima maji ndogo ikining'inia katikati. Mimi nilitangulia na fimbo moja, mzee mmoja wa pale kijijini akafuata na nyingine. Jioni, nilipoziegemeza ukutani mwa ofisi ya kijiji, niliona yangu ni fupi kwa vidole vitatu. Ilikuwa imevunjika ncha, sijui saa ngapi. Na kwa kuwa ndiyo iliyotangulia siku nzima, kila hatua ilikuwa imebeba kosa la hatua ya nyuma yake. Mtaro ungepanda badala ya kushuka. Maji yangerudi tulikoanzia na kujaa juu ya shamba la mdogo wake yule mzee.

Asubuhi yake mkubwa wa mjini alikuwa anakuja kuzindua uchimbaji. Nilitazama huku na huku, nikachukua panga, nikaikata ile fimbo ndefu. Zikalingana.

Mvua kubwa ya kwanza ilibomoa kingo na kuondoka na lile shamba, mahindi na udongo wake, likabaki korongo la kumzamisha mtu hadi kifuani. Katika mkutano nilisema kingo zimekanyagwa na ng'ombe. Sikumtaja mtu. Sikuwa na haja, maana kila mmoja alijua ng'ombe wa upande ule ni wa nani. Mzee alisimama akasema, "Ng'ombe wangu hawajapita pale, mwanangu." Nikamwambia akae. Jina lake likaandikwa katika kumbukumbu za mkutano kuwa ni mharibifu wa mazingira, likasomwa kwa sauti mdogo wake akisikia. Tangu siku ile ndugu hao wawili hawakusemezana.

Nami nikaendelea na kazi. Ulipofika wakati wa ruksa, biashara zikaachiwa huru, mitumba na soda zikafika hadi gulioni kwetu, vyama vikawa vingi, na ofisini tukaanza kusikia neno la kutisha: kupunguzwa. Serikali ilikuwa na wafanyakazi wengi mno, ikasemwa, na orodha zinaandaliwa. Papo hapo mradi wa kuhifadhi udongo tuliokuwa chini yake ukaja na neno lake, ushirikishwaji. Tukapelekwa Mpwapwa wiki mbili tukajifunze kuwasikiliza wakulima. Nilikwenda nimenuna. Nani amsikilize nani?

Mkufunzi wetu alikuwa mama mtu mzima, mpole wa kuudhi. Alitukalisha viti kwa duara kama watoto wa chekechea, akatutaka kila mmoja aseme jambo moja aliloharibu kazini. Wenzangu wakatoa makosa yaliyopigwa pasi: mmoja alikuwa na huruma mno, mwingine alifanya kazi kupita kiasi. Mimi nikasimulia habari za mbegu zilizochelewa kufika.

"Asante," akasema yule mama. "Hilo ni kosa la lori. La kwako je?"

Wakacheka. Nilimchukia kwa moyo wote, na siku zilizobaki sikumtazama usoni. Lakini swali lake nilirudi nalo Kondoa.

Nilikuta korongo limekula hadi hatua chache kutoka ukuta wa darasa la kwanza la shule ya kijiji. Bila kinga maji jipya kabla ya mvua, darasa lingekwenda na maji. Watu walikataa kuchimba. Ukaitishwa mkutano humo humo darasani, na bosi wangu akaja kutoka Dodoma, akakaa nyuma na daftari lake. Sote tulijua kwamba yeye ndiye angependekeza nani abaki kazini na nani aondoke.

Mwenyekiti wa kijiji alisema kwa upole, "Bibi shamba, watu wana swali moja tu. Lile la kwanza lilibomoka kwa nini? Tusije tukachimba tena, likabomoka tena."

Yule mzee alikuwa amekaa karibu na mlango. Mdogo wake alikuwa amefariki mwaka uliopita, wakati mimi niko likizo, na watoto wa marehemu walikaa safu ya mbele, wamempa baba yao mkubwa mgongo. Jibu nilikuwa nalo tayari, lile lile la ng'ombe. Lilikuwa limekaa kijijini miaka yote hiyo, na zaidi ya mzee hakuna aliyelipinga. Bosi alikuwa ameinua kalamu. Niliogopa, nisidanganye, niliogopa kupoteza mshahara, niliogopa kurudi kwa baba yangu dukani nimetolewa kama gunia bovu. Nikafungua mdomo bila kujua litakalotoka.

"Si ng'ombe," nikasema. "Nilipima vibaya. Fimbo yangu ilikuwa fupi. Niliona jioni ile ile, nikaikata ya mzee zilingane, nikanyamaza."

Nilimwona kijana mmoja wa marehemu akigeuka taratibu kumtazama baba yake mkubwa.

Mzee akasimama. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru.

"Mdogo wangu alipougua nilikwenda mara tatu," akasema. "Mara tatu nikarudishwa mlangoni. Akaacha wosia kwamba mimi nisimtie udongo kaburini. Basi nilisimama barabarani, nikatazama watu wa vijiji vingine wanamzika ndugu yangu." "Haya maneno, bibi shamba, ungeyasema yeye yupo."

Akavaa kofia yake, akatoka. Wale vijana wakamfuata mbio. Sijui walisemezana nini huko nje, na sikuona kama nina haki ya kuuliza.

Watu walichimba. Nilipima mara tatu, mwenyekiti mwenyewe akikagua fimbo kila asubuhi, na mvua ilipokuja maji yakaenda kwenye mkondo wa mawe. Darasa lilibaki limesimama. Orodha ilipotoka, wenzangu wanne ofisini walipunguzwa. Mimi nilibakizwa. Bosi alikuwa ameandika katika ripoti yake kwamba mafunzo ya Mpwapwa yamezaa kiongozi wa aina mpya, anayejifunza kutokana na makosa yake. Mwaka uliofuata nikafanywa mkufunzi.

Nimefundisha mabwana shamba, walimu, madiwani, na baadaye watu wa mashirika. Huwakalisha kwa duara. Zamu ikinifika mimi, nasimulia fimbo, panga, na mkutano wa darasani, hadi pale niliposema, "Nikanyamaza." Watu hupiga makofi. Wapo waliolia, na mmoja aliniambia habari ile imembadilisha maisha. Nami nashukuru, nakaa, nakunywa maji.

Ya mzee kusimama barabarani sijawahi kuwasimulia.