Mkrismasi wa Mama Theresia

Celestina, mwanika usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, kijijini Lundo, Mungu hakumjalia kipaji cha kuwavumilia wajinga, hata awe mdogo wake wa tumbo moja. Na William, mdogo wake, alikuwa mjinga huyo huyo. Anakaa Mbinga mjini, jembe hajalishika tangu apate Kipaimara, lakini tangu ajenge nyumba yenye geti amejifanya mwalimu wa kila mtu.

Mama yao, Theresia, kabla hajafariki aliomba jambo moja tu: "Mnipandie mkrismasi hapo mlangoni." Kule ziwani nani asiyeujua mkrismasi? Kivuli kipana, na Desemba unachanua mwekundu mti mzima. William akadakia, "Niachie mimi, dada. Bustani nazijua."

Siku mbili kabla ya misa ya arobaini akashuka na gari, nyuma amefunga miche mitatu kwenye viroba. Celestina akaizunguka. Majani sindano tupu, kileleni imechongoka.

"Ndiyo nini hii?"

"Miti ya Krismasi, dada. Ile ya kutundika taa. Nimeichagua kwenye simu, nikaiagiza Iringa."

"Inatoa maua gani?"

"Hii haitoi maua. Inapendeza tu."

"Kama wewe. Mama ameomba maua, unamletea fagio."

"Si alisema mkrismasi?"

"Alisema kwa Kiswahili cha Lundo, ulikozaliwa. Au lile geti limekufungia na masikio?"

William akacheka kidogo. "Padri anakuja keshokutwa, dada. Tupande hii hii. Nani atajua?"

Celestina akapiga ishara ya msalaba. "Marehemu umemfanya mteja wa kubambikiwa bidhaa?"

Hakungoja jibu. Akaenda Mbaha kwa mama mdogo Ottilia, ambaye uani kwake mbegu za mkrismasi hujiotea zenyewe. Jioni akarudi na mche wa kimo cha goti ndani ya sufuria bovu, akachimba shimo mlangoni. William akasimama pembeni, akichunga viatu vyake.

"Huo utachanua lini? Miaka sita?"

"Mama hakutoa tarehe. Lete maji."

Akaleta, nusu ameyamwaga njiani. Celestina akashindilia udongo kwa viganja, machozi yakimtoka bila ruhusa yake, akaanzisha Salamu Maria. William akaitikia kwa sauti kubwa, kisha katikati akapotea, akabaki anamumunya maneno. Celestina akaianza upya, polepole, kama anavyofundishwa mtoto wa Komunyo ya Kwanza, mpaka wakaimaliza.