Nilivyomtisha Mdogo Wangu na Atlasi ya Ubongo

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba ukipigwa picha ya kichwa kwenye MRI, ubongo wako unachanganywa na wa watu wengine, na ukitoka umebeba vipande vya wenzako. Habari hiyo niliipata kwa mteja kutoka Kiberege, kwenye mashine ya kukoboa mpunga ninapofanya kazi hapa Ifakara. Alisema madaktari wana kitu kinaitwa atlasi, ndani yake kuna ubongo mmoja uliotengenezwa kwa bongo za watu kibao.

Ningekataaje? Mimi nakoboa mpunga. Mtu akileta mpunga wake safi wa supa nyuma ya mwenye mpunga wa hovyo, anaondoka na chenga za mwenzake zilizobaki tumboni mwa mashine. Mama mmoja wa kijiji cha Michenga aliwahi kushinda pale kutwa nzima, akikataa mpunga wake uingie mashineni baada ya wa jirani yake.

Bahati mbaya, nyumbani msomi ni mimi. Kidato cha nne nilikisoma kwa masomo ya jioni, pumba zimejaa nywele nzima, na tangu nipate cheti ukoo hauli dagaa bila kuniuliza. Basi mdogo wangu wa kike, fundi cherehani, alikuwa akianguka kifafa mpaka akaogopa kukaa kwenye cherehani yake. Alipoandikiwa kwenda kupigwa MRI Dar, nikampa elimu: "Wahi uwe wa kwanza. Ukimfuata mlevi, utarudi unayumba."

Tulipofika hospitali tukakuta wanne wametangulia, na wa mwisho wao alikuwa mzee aliyekuwa akikikaripia kiti. Mdogo wangu akaganda kwenye benchi kama amepigiliwa misumari.

"Siingii," akasema. "Nimfuate yule? Nitarudi Ifakara nagombana na viti."

"Zamu nyingine mpaka miezi ijayo."

"Kaka, si wewe uliyesema?"

Msomi nikatoka jasho la kujaza mto Kilombero. Akigoma, tunarudi na kifafa chake vilevile, na daktari hajui aanzie wapi. Nikamfuata mama wa chumba cha picha, nikamwamkia shikamoo, nikaungama yote mbele ya foleni. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kisha akamgeukia mdogo wangu, mimi akaniacha nimesimama.

"Mwanangu, hapa hakichanganywi kitu. Atlasi ni picha tu. Watu wengi wenye afya walijitolea wakapigwa picha, kompyuta ikazipanga zikalaliana sawasawa, ikatoa picha moja ya wastani, kila sehemu ina jina lake. Picha yako tutailinganisha na hiyo, tuone zinapotofautiana, maana huenda ndipo kifafa kinapoanzia. Mashine inaangalia, haichukui kitu na haiachi kitu. Vua hereni, zamu yako ikifika uingie."

Mdogo wangu akavua hereni, akanikabidhi, na zamu yake ilipofika akaingia.